Faini Kubwa Peke Yake Haimrekebishi Dereva



Kila ajali kubwa inapotokea katika nchi yetu, dai moja husikika kila upande: faini ziongezwe, madereva wakomeshwe. Dai hilo lilisikika baada ya ajali ya Magila Gereza, wilayani Korogwe, Februari 3, 2023, ambapo basi dogo lililobeba wafiwa pamoja na mwili wa marehemu liligongana na lori, na watu wasiopungua 17 wakapoteza maisha. Lilisikika tena Juni 28, 2025, pale mabasi mawili yalipogongana na kuteketea kwa moto eneo la Sabasaba, wilayani Same, na kuua watu zaidi ya 35. Ajali zote mbili zilitokea katika njia kuu ya kwenda Moshi, ile ile ambayo sisi wa Lushoto huiingia tukifika Mombo. Waliokufa wangeweza kuwa ndugu zetu, na baadhi ya wafiwa huenda wamo humu.

Watu wenye uchungu wana haki ya kudai adhabu kali. Hata hivyo hatuna budi kujiuliza kwa utulivu: je, faini kubwa humbadilisha dereva? Swali hili halikuanza kwetu. Nchi nyingi zimelijaribu kwa vitendo, na yaliyowapata yanaweza kutufaa.

Mwaka 1764 Mwitaliano Cesare Beccaria aliandika kitabu juu ya makosa na adhabu. Alieleza kwamba kinachomzuia mtu kutenda kosa ni uhakika wa kuadhibiwa, kuliko ukali wa adhabu yenyewe. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye, barabara zimethibitisha maneno yake.

Tutazame Uingereza. Sheria ya Usalama Barabarani ya huko ya mwaka 1967 iliwapa polisi kipimo cha pumzi cha kumtambua dereva aliyelewa. Katika mwaka wa kwanza vifo vya barabarani vilipungua kwa kiasi cha asilimia 15, kwa sababu kila mnywaji aliamini kwamba akitoka baa atakutana na kipimo. Miaka ilivyopita, wanywaji waligundua kwamba vipimo vilikuwa vichache kuliko walivyodhani, na faida ile ikaanza kuyeyuka. Sheria ilibaki ile ile. Iliyotoweka ni imani ya dereva kwamba atakamatwa.

Jirani zetu wa Kenya nao wana somo. Februari 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilianza kutumika: kila matatu ifungwe kidhibiti mwendo kisichozidi kilometa 80 kwa saa, kila abiria awe na mkanda, na asiwepo wa kusimama. Nchi nzima iliona mabadiliko kwa macho yake. Lakini ukaguzi ulipolegea, makosa mengi yalirudi.

Sasa turudi kwetu. Tuna Sheria ya Usalama Barabarani tangu mwaka 1973, na kwa muda mrefu faini ya papo kwa papo kwa dereva wa gari ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa. Tuna askari, na tuna kifaa cha kupimia mwendo ambacho madereva wamekipa jina la tochi. Lakini kila mmoja wetu aliyesafiri anajua kinachotendeka. Dereva akipishana na askari, huwapigia taa wenzake wanaokuja. Wanaooneshwa taa hupunguza mwendo, hupita kwa adabu mbele ya tochi, na baada ya kona hukanyaga mafuta kama kawaida. Hapo sheria inatawala mita mia chache tu, na sehemu yote iliyobaki haina mwenyewe. Ukiifanya faini kuwa shilingi laki tatu bila kuliondoa jambo hili, dereva atazidi kuwa hodari wa kupigiana taa.

Upo pia upungufu mwingine, ambao sisi wa milimani tunaujua zaidi ya wengine. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa zipatazo 33. Barabara hiyo, iliyochongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi ya Wajerumani, hupanda kiasi cha mita elfu moja kupitia Soni, kona baada ya kona, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili. Lori la kabichi na viazi linaposhuka usiku kuwahi soko la Dar es Salaam, usalama wake umo katika gia na breki. Dereva mwenye ujuzi hushuka kwa gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari. Dereva anayetaka kubana mafuta huliachia gari frii na kutegemea breki peke yake, mpaka breki zinapata moto na kupoteza nguvu. Kosa hili tochi hailioni, wala askari aliyesimama kando ya njia hawezi kulijua. Ni kosa la mafunzo na la tabia.

Tuulize pia, faini humwangukia nani? Madereva wengi wa magari yetu madogo ya abiria huendesha kwa hesabu: jioni tajiri hupelekewa kiasi walichopatana, na kinachozidi ndicho chakula cha dereva na utingo wake. Dereva huyo akitozwa shilingi 30,000 asubuhi, hesabu ya tajiri haipungui hata senti moja. Atazirudisha vipi? Atajaza abiria kupita kiasi, na atakimbia ili apate safari moja zaidi. Kwa hiyo faini iliyokusudiwa kuzuia kosa huzaa kosa jingine siku hiyo hiyo, huku mwenye gari amelala kwake. Zaidi ya hayo, kadiri faini inavyopanda ndivyo kishawishi cha kumalizana kando ya barabara kinavyokua. Malipo kwa namba ya malipo, badala ya fedha mkononi, ni hatua njema, lakini hayamgusi yule ambaye hakuandikiwa kabisa.

Ndugu zangu, sisemi faini zifutwe. Nasema ziwekwe pale zinapoweza kufanya kazi, na hapo naona mambo matatu.

Kwanza, ukaguzi usiwe wa mahali pale pale na saa zile zile. Mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vinavyoipa LATRA habari za mwendo wao hata mahali pasipo na askari. Wako waliojaribu kuvichezea, na hiyo ni dalili kwamba vinawabana.

Pili, mwenye gari abebe sehemu yake. Gari lenye breki mbovu na matairi yaliyokwisha ni uamuzi wa tajiri. Finland hupima faini ya mwendo kwa kipato cha mtu, hata mwaka 2023 tajiri mmoja wa visiwa vya Åland akatozwa euro 121,000. Si lazima tuige utaratibu huo, lakini tukubali msingi wake: adhabu lazima imguse mwenye uwezo wa kurekebisha jambo.

Tatu, abiria wafungue vinywa. Nchini Kenya watafiti walibandika ndani ya matatu zaidi ya elfu moja za safari ndefu vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayehatarisha maisha yao. Madai ya bima katika magari hayo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Askari yuko mahali pamoja, lakini abiria yumo ndani ya gari safari nzima, na roho inayochezewa ni yake.

Hapo ndipo ninyi mnapohusika, Ndugu Walimu na Ndugu Watumishi. Katika gari linalopanda Mlalo au Bumbuli mara nyingi mwalimu ndiye mtu anayeheshimiwa kuliko wote waliomo. Akinyamaza, mama mwenye mtoto mgongoni naye atanyamaza. Akisema kwa upole, "Dereva, punguza mwendo," wengine watamwunga mkono. Naye mtumishi wa Serikali ana mtihani wake. Mkubwa anayechelewa kuondoka ofisini, kisha akamwambia dereva akanyage ili wawahi mkutano, amevunja sheria kwa mguu wa mtu mwingine. Wananchi hutazama gari lenye namba za Serikali likipita kijijini kwa kasi, na hapo hujifunza jinsi sheria inavyothaminiwa na waliokabidhiwa kuisimamia.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika mteremko wa Soni, guu linalovunjika si la dereva peke yake. Basi tunapodai sheria kali, tudai pia sheria yenye hakika, inayomfikia tajiri pamoja na dereva wake, na kila mmoja wetu aanze na safari yake ya kesho asubuhi.