Jiwe Huingia Mwisho
(Maneno ya sonara wa Lamu katika mkutano wa mwaka)



Nimeombwa nieleze kwa nini chama kichangie karakana ya masonara. Nitaeleza kwa pete.

Fedha tunayofua ni sehemu 925 kwa 1000. Zinazobaki huwa shaba, kwani fedha tupu ni laini mno. Ukiipiga nyundo inakuwa ngumu, ukizidisha inapasuka. Basi unaitia moto mpaka iwe nyekundu iliyofifia, unaipoza, inalainika, unaendelea. Kisha unakata utepe mwembamba, unalizungushia jiwe hadi ulingane nalo, unalitoa jiwe, ndipo unalehemu utepe juu ya pete. Unasafisha, unapiga tupa, unapiga msasa. Jiwe huingia mwisho, maana moto hulipasua. Hata kigae cha sahani ya kale, kinachozitambulisha pete zetu, huwekwa hivyo hivyo: ukingo unasukumwa taratibu, upande huu kisha wa pili unaoukabili.

Ujanani, kwa haraka zangu, nilipasua akiki ya mteja. Fundi wangu aliilipa, wala hakunifukuza.

Leo macho yangu yamechoka, na vijana wanabisha hodi. Sina fuawe ya pili wala mtungi wa pili wa gesi. Kijana hajifunzi kwa kutazama tu. Hujifunza kwa kuharibu. Changieni, waharibu fedha kidogo leo, ufundi usituharibikie kesho.