Kwaya Iliyozaliwa Shambani



Tumeombwa kusema machache kuhusu tulikotoka. Kwaya yetu imetimiza miaka 50, lakini uimbaji wa kijiji hiki ni mkongwe kuliko kanisa lenyewe.

Wazee husimulia kwamba Abagusii walipita nyanda za Kano, wakakaa Kabianga, baridi ikaharibu wimbi na ng'ombe wakafa. Ndipo wakaja kwenye vilima hivi. Walikuta msitu, na mtu mmoja na jembe lake asingeuweza. Basi wakafanya risaga: leo majirani wanalima kwa huyu, kesho kwa yule. Walilima wakiimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, majembe yanashuka pamoja. Kazi ikiisha, mwenye shamba aliwapa pombe ya wimbi.

Misheni ya Nyabururu ilianza mwaka 1911, ya Nyanchwa mwaka 1912. Habari Njema ilipofika huku kwetu, waumini wa kwanza waliacha pombe, kisha wakajiuliza: sasa nani atatulimia? Nyanya zetu walituambia kwamba jibu lilikuwa uji. Walipika chungu kizima, wakaalikana, wakapalia wimbi kwa nyimbo za kanisani. Hapo ndipo kwaya hii ilipozaliwa, kabla haijapewa jina wala sare.

Wapendwa, leo tuna sare, tuna kinanda, tuna vipaza sauti. Lakini hatuna budi kukiri jambo moja. Mwaka jana mama mmoja wa sauti ya kwanza aliugua miezi mitatu. Tulimtembelea, tukamwimbia vizuri sana, tukaomba, tukanywa chai, tukaondoka. Tulipita katikati ya shamba lake. Majani chai yalikuwa yamekomaa bila mchumaji, na magugu yamefika magotini. Hakuna aliyeinama. Yeye hakulalamika, ila nyanya zetu wangetuonea haya.

Kwa hiyo zawadi yetu ya jubilii si wimbo mpya. Tumekubaliana kurudisha risaga, asubuhi moja kila mwezi, tukianzia kwa mama huyo Jumanne ijayo. Njooni na majembe na vikapu. Wasioweza kuinama waje na uji. Mazoezi ya nyimbo tutafanyia huko huko shambani.

Nyasae abasesenie. Mungu awabariki.