Kabla ya Viti, Paa

Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wahasibu wa Umoja wetu katika hafla ya mwaka ya kuchangia, Dar es Salaam



Nimepewa dakika kumi na tano, na Katibu ameshaninong'oneza kwamba biriani iko tayari. Kwa hiyo nianze na lile litakalowaudhi baadhi yenu, tulimalize mapema. Mezani kwenu mmekuta fomu za ahadi zenye picha ya kiti chekundu. Zinasema kwamba atakayechangia, jina lake litaandikwa nyuma ya kiti siku ukumbi wa Majestic utakapofufuka. Fomu zimechapwa vizuri, sina neno. Ila mimi nimesimama hapa, kwa ruhusa ya Kamati ambayo haikukubaliana nami yote, kuwaombeni msizijaze bado.

Kwanza nilieleze jengo, kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa huku, ambao wakisikia Majestic wanadhani ni hoteli.

Majestic iko Vuga. Mahali pale mwanzoni mwa miaka ya 1920 palijengwa jumba la sinema lililoitwa Royal, mali ya mfanyabiashara Jariwalla, mmoja wa watu wa kwanza kuleta sinema katika pwani yetu. Aliyelichora ni J. H. Sinclair, Mwingereza yuleyule aliyechora Mahakama ya Vuga na jumba la makumbusho la Beit el-Amani. Jumba lile la kwanza liliteketea kwa moto. Mwaka 1955, mahali palepale, likasimama hili tunalolijua, lenye uso ulionyooka na mistari ya kisasa ya wakati ule. Ukilitazama kwa mbele utaona halifanani na jirani yake yeyote. Mji wenye milango ya njumu na baraza za mawe ulikubali kuwa na jengo moja linalotazama mbele.

Wakati huo Unguja mjini palikuwa na majumba matatu: Majestic, Empire na Sultana, ambayo baadaye iliitwa Cine Afrique. Matatu, kwa mji mdogo kama ule. Mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake kuhusu sinema za Tanzania kilitoka 2018, ameeleza kwa urefu jinsi watu wetu walivyokuwa wakienda sinema: Jumapili familia nzima, walanguzi wa tiketi wakipita pembeni, na maonyesho maalumu ya wanawake peke yao. Mimi sikuhitaji kitabu kwa hilo la mwisho. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kutoka nyumbani ovyo, lakini siku ya filamu ya Kihindi alikuwa na buibui lake la sinema, lile jipya. Alikuwa hajui Kihindi hata neno moja. Aliiona Awara ya Raj Kapoor, na miaka thelathini baadaye alikuwa bado akiisimulia kwa machozi, akimlaumu yule baba hakimu kana kwamba anakaa Malindi. Mama yangu naye anasema walikuwa wakijua filamu inaonyeshwa majumba mawili usiku mmoja kwa kumwona kijana wa baiskeli akikimbiza mikanda: huku kikimalizika kipande cha kwanza, kule wanakingojea. Akipata pancha, ukumbi mzima unapiga miluzi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba yote yakawa ya serikali. Mwaka 1973 Zanzibar ikapata televisheni, tena ya rangi, Bara ikiwa bado miaka ishirini nyuma. Tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Kisha zikaja video. Watu wakabaki majumbani, tiketi zikapungua, na siku moja Majestic ikafunga milango. Mwaka 1998 likaanza tamasha la filamu la ZIFF, na wageni wakatoka kila pembe ya dunia kuja kuona filamu katika mji wetu. Waliziona Ngome Kongwe, chini ya nyota. Ni pazuri pale. Lakini mvua ikinyesha kila mtu anakumbuka kwamba mita mia kadhaa kutoka hapo palikuwa na ukumbi.

Mimi mwenyewe sikuwahi kuona filamu Majestic. Nililolikuta ni jengo. Na ukiingia leo ndani ya ukumbi, unachokiona juu ni mbingu, maana paa limeanguka. Hapo ndipo habari yangu inapoanzia.

Sisi wahasibu tuna neno, uchakavu. Kila mwaka tunapunguza thamani ya jengo katika vitabu, hata kama hakuna aliyeligusa. Watu wanadhani ni mchezo wa kalamu, lakini maana yake ni kwamba jengo linadai. Kila mwaka linaandika ankara, na usipolipa mwaka huu halisamehi, linaongeza. Jengo lenye mwenyewe, mwenyewe huiona ankara ile. Jengo lisilo na kitabu chake, mapato yake na mtu wake wa kuulizwa, ankara zake hazisomwi na yeyote mpaka siku paa linapokuja chini kuzileta lenyewe.

Nitawapa mfano wa karibu, na wa aibu, maana mkosa ni mimi. Bibi yangu aliacha nyumba Mji Mkongwe, ghorofa mbili, warithi tulikuwa tisa. Mwaka 2009 fundi alipanda juu akasema mlizamu umeziba na umepasuka, maji ya paa yanateremkia ndani ya ukuta. Akataka shilingi 220,000. Mimi, mtu mwenye shahada ya uhasibu, nikatengeneza jedwali zuri sana la kuonyesha kila mrithi atoe kiasi gani kwa fungu lake, mtoto wa kiume kwake na wa kike kwake, mpaka senti. Jedwali lile lilikuwa halina kosa hata moja. Pesa hazikupatikana. Huyu yuko Muscat, yule hana, mwengine anasema yeye haishi pale. Masika mawili yakapita. Siku moja chumba cha juu alichokuwa akilala bibi kikaingia chumba cha chini. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu. Fundi yuleyule safari hii alisema milioni kumi na nne, na akaongeza kwamba boriti za siku hizi si kama zile.

Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na juu boriti za mikoko. Ukuta ule ukikaa mkavu utawazika wajukuu wako. Ukinywa maji, chokaa hulegea, ncha za boriti huoza ndani ya ukuta usikoziona, na ukimwita fundi akakupiga plasta ya saruji juu yake, umemfungia mgonjwa mlango, unyevu hauna tena pa kutokea. Majengo ya miaka ya 50 yenye zege nayo yana ugonjwa wao. Chumvi ya bahari na maji vikifika kwenye chuma, chuma kinashika kutu, kinavimba, kinalipasua zege kutoka ndani. Kwa vyovyote adui ni mmoja, naye huingilia juu.

Sote tunakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib ilipoanguka sehemu ya mbele pamoja na mnara, na watu wakapoteza maisha. Ilianguka ikiwa katika kutengenezwa. Sikusudii kumlaumu mtu, nasema tu kwamba mafundi walikuwamo ndani, fedha zilikuwa zimepatikana, na jengo halikungoja.

Nikaenda kutafuta wenzetu waliokwisha pita njia hii, na kwa majumba ya sinema wenye kumbukumbu nzuri za hesabu ni Wamarekani. Mjini Atlanta kuna jumba linaitwa Fox, lililofunguliwa 1929. Katika miaka ya 1970 kampuni ya simu ilitaka kulinunua livunjwe ijenge makao makuu yake. Watu wa mji wakaunda chombo chao mwaka 1975, wakakopa, wakachangishana, na kufika 1978 deni la karibu dola milioni 1.8 lilikuwa limelipwa.  Mpaka leo lina idara yake yenyewe ya matengenezo, mafundi walioajiriwa mwaka mzima. Brooklyn, New York, kuna mwenzake, Kings Theatre, lililofunguliwa mwaka huohuo wa 1929. Hilo lilifungwa 1977 likaachwa. Maji yakaingia, wezi wakaingia. Lilipofunguliwa tena 2015, gharama ilikuwa kama dola milioni 95. Najua dola ya 1978 si dola ya 2015, na najua kazi mbili zile si sawa. Mhasibu mwenzangu aliye meza ya nne asinitolee macho. Lakini hata ukirekebisha kwa mfumuko wa bei, tofauti inayobaki ni miaka karibu arobaini ya mvua.

Tena hatuna haja ya kufika Atlanta. Wazee wetu walilijua hili. Walipojenga msikiti hawakuuacha na kuta tu. Waliuwekea duka, au nyumba ya kupangisha, au minazi shamba, wakaifanya wakf, na kodi ile ndiyo iliyonunua mafuta ya taa, mikeka na chokaa ya kila mwaka. Shekhe wetu asishtuke, sisemi sinema iwe wakf. Nasema aliyejenga alijiuliza kwanza nani atanunua chokaa nikishakufa. Sisi tunajiuliza jina langu litakaa kiti cha ngapi.

Sasa kuna suali ambalo mzee wangu mmoja aliniuliza katika kikao, na lilikuwa suali zito: mwanangu, watoto wa skuli wanakaa chini, nyinyi mnachangia sinema? Nilimjibu hivi, na nawajibu nyote. Fungu la madawati liko mbali, nalishika mimi, na mwaka huu limelipwa kabla ya hafla hii. Dawati lakini kila mwaka litatuomba. Ukumbi ukisimama vizuri unaweza kuingiza pesa: filamu, taarabu, harusi, mikutano. Huo ndio utetezi wangu wote. Na kama hatutauwekea mfuko wa matengenezo, basi mzee yule ana haki, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema pesa hizi ziende kwenye madawati. Sitasaini hundi ya kununua viti vya kunyeshewa.

Ninachopendekeza ni kidogo. Wahifadhi na wasanii wa mjini wamelishughulikia jengo lile kwa miaka, wao ndio wenye utaalamu, sisi ni wasaidizi. Katika kila shilingi tatu tutakazokusanya usiku huu, mbili ziende kwenye ujenzi, kwanza paa. Moja ibaki katika akaunti ya pili, saini tatu, isiguswe mpaka jengo lifunguliwe, na baada ya hapo itumike kwa paa, mlizamu, rangi na chokaa tu. Tena tuwaombe watakaoliendesha waweke katika kila tiketi shilingi mia tano ya paa. Nimepiga hesabu kwa tahadhari: watu mia mbili kwa onyesho, maonyesho mawili kwa wiki, ni shilingi 10,400,000 kwa mwaka. Nusu ya watu wasipokuja, ni 5,200,000. Kwa pesa hiyo unamweka fundi na mtoto wake mwaka mzima, ngazi na ndoo juu, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Kamati imeuliza, nani atachangia mlizamu, kitu ambacho hata hakionekani? Sijui, ndiyo maana nimekuja kuwauliza nyinyi wenyewe.

Fomu nyeupe zinapitishwa sasa na vijana. Hazina picha, samahani, nilizichapa ofisini jana usiku. Aliyekwisha jaza ile ya kiti hajaharibu kitu, aandike nyuma yake neno "paa" na atie saini, nitaihamisha mimi. Hesabu za akaunti zote mbili zitachapwa katika kijitabu hiki kila mwaka, ukurasa wa mwisho, hata kama ni za kutia haya. Yangu nimeshaijaza, kwa jina la bibi yangu, shilingi 220,000.

Katibu, biriani.