Chaki ya Cole

Msikilizaji, andika 2 mara sitini na saba, zizidishe zote, kisha toa 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliitaja kuwa namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas akathibitisha kwamba si tasa, ingawa vigawo vyake hakuvipata. Hilo ndilo linalonistaajabisha zaidi: kujua kitu kinavunjika bila kukiona kikivunjika.

Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati huko Marekani, mwanahisabati Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni na chaki, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Jibu likawa lile lile. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno, akarudi kuketi, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Kuvipata vigawo hivyo, husemwa, kulimchukua Jumapili za miaka mitatu.