Degedege kwa Watoto: Linatokea Mara Ngapi na Linaletwa na Nini
(Mada kwa wauguzi wa zahanati na wahudumu wa afya ya jamii)



Ulaya na Marekani, watoto 2 hadi 5 katika kila 100 hupata degedege la homa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwetu, palipo na malaria, mzigo ni mzito zaidi. Watafiti wa Kilifi, Kenya, wamefuatilia kwa miaka mingi watoto wanaolazwa, na kwa wengi wa waliofikishwa wodini na degedege, malaria ndiyo iliyolileta.

Degedege la homa tupu huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kwa kuwa ubongo wao bado mchanga. Mara nyingi limo katika ukoo. Muulize mama kama yeye au baba wa mtoto aliwahi kulipata. Likitikisa mwili mzima, likaisha kabla ya dakika 15 na lisirudi ndani ya saa 24, haliharibu akili. Kiasi cha theluthi moja ya watoto hao watalipata tena; wachache sana huishia na kifafa. Panadoli humpa mtoto nafuu ya homa, lakini msimwahidi mama kwamba itazuia degedege, maana utafiti haujaonyesha hivyo.

Hofu yangu ni kwa yale mengine yanayofanana nalo: malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka. Hili la sukari tunalisahau mno. Mtoto mwenye malaria kali ambaye hajala tangu jana anaweza kukakamaa kwa kukosa sukari tu, na asipopewa, ubongo unaumia huku sisi tukihangaika na homa. Kichanga naye asiandikiwe degedege la homa hata akiwa wa moto. Mtazameni kama alichelewa kulia alipozaliwa au ana maambukizi. Na anayekakamaa mara kwa mara bila homa yoyote apelekwe kuchunguzwa kifafa.

Vijijini wengi bado wanaamini ni shetani au ndege aliyempitia mtoto, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo hufukizwa kwanza kinyesi cha tembo, hospitali baadaye. Tukimfokea bibi kwa hilo, safari ijayo hatamleta kabisa. Afadhali kumwambia alaze mtoto ubavu, asimtie kijiko wala kidole mdomoni, asimnyweshe kitu, kisha aje mbio.

Akifika bado anatikisika na dakika 5 zimepita, apewe diazepamu kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, huku upumuaji wake ukiangaliwa. Kama ametulia njiani, bado apimwe malaria na sukari, shingo ikaguliwe kama imekaza, na asiruhusiwe kurudi nyumbani mpaka ameamka na kumtambua mama yake.