KOGA UKUTANI NA KIFUA CHA MTOTO

(Maneno ya Katibu wa Chama katika mkutano wa kijiji. Yameandikwa hapa kwa wale ambao hawakufika.)



Leo tunazungumza juu ya adui anayeingia nyumbani wakati wa masika bila kupiga hodi. Adui huyo ni unyevu, na mtoto wake ni koga, ule ukungu mweusi au wa kijani unaoota ukutani, kwenye mikeka na kwenye magunia.

Sisi wa Nachingwea na Ruangwa twaijua korosho. Ukifikisha ghalani korosho yenye unyevu, karani anakurudisha ukaianike, maana gunia moja bovu laharibu mengine. Hapo hatubishani. Sasa tuulizane: kama korosho hailazwi kwenye unyevu, mbona mtoto alazwe humo?

Koga hutoa vumbi dogo sana, jicho halilioni. Mtoto akilala analivuta usiku kucha. Njia zake za hewa ni nyembamba. Zikivimba kidogo tu, hewa inapita kwa taabu. Ndipo utasikia kikohozi, mafua yasiyokwisha na kifua kulia kama filimbi. Mwenye pumu hubanwa zaidi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliosema kuwa wakaao katika nyumba zenye unyevu na koga hupatwa zaidi na maradhi ya kifua. Ukiongeza na moshi wa kuni ndani ya chumba hichohicho, taabu inakuwa mbili.

Basi tufanye nini?

1. Tuzibe paa linalovuja kabla ya mvua za Desemba. Ukuta hauponi kama paa linavuja.
2. Tuchimbe mfereji kuzunguka nyumba, maji yasisimame kwenye msingi.
3. Tufungue madirisha mchana. Dirisha lililozibwa kwa gunia si dirisha. Usiku chandarua chatosha kuzuia mbu.
4. Mahindi na karanga zikae juu ya kichanja, mbali na ukuta, na si chumba wanacholala watoto. Zilizoota koga tusile, zina sumukuvu.
5. Mikeka na matandiko yaanikwe juani kila jua linapotoka.
6. Koga isikwanguliwe kavu. Lowesha ukuta kwanza, jifunge kitambaa puani, watoto wawe nje. Kisha sugua kwa maji na sabuni, au kandika upya, ukauke vizuri.

Ndugu zangu, tuambiane ukweli. Mtoto akikohoa, lawama zote humwangukia mama. Lakini paa ni kazi ya nani? Fedha za korosho zinapoingia, bati mbili au mizigo ya nyasi itangulie, redio na mengine yafuate. Na wazee wasio na nguvu tuwaezekee kwa kazi ya pamoja.

Jambo jingine zito. Wapo wanaopeleka mtoto anayekohoa akakatwe kimeo. Tuache! Kukata kimeo hakuponyi kifua. Mtoto hutoka damu, hupata vidonda na uchafu, na wengine hufa.

Tujifunze kuhesabu pumzi. Mtoto ametulia, mwangalie tumbo na kifua kwa dakika moja kamili. Wa miezi 2 hadi 11, akivuta pumzi mara 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5, mara 40 au zaidi, huenda ni kichomi: apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usingoje hata asubuhi. Kikohozi cha wiki 2 apimwe pia kifua kikuu.

Hesabu hiyo si ngumu. Aliyepita kisomo cha watu wazima anaiweza. Asiyeweza amwite jirani.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakashika majembe wakasafisha vijiji vyao. Hawakungoja mgeni. Nasi tusingoje. Mabalozi wapite nyumba kwa nyumba kabla ya masika, waone paa, mfereji na dirisha, si kwa kutoza faini bali kwa kusaidiana.

Nyumba kavu, kifua kizima!

Ushirika hoyee!

Katibu wa Chama, kwa niaba ya Kamati