Mbegu za Maua Hufia Nyumbani



Nimetakiwa nizungumze juu ya kuhifadhi mbegu za maua tuzikusanyazo wenyewe majumbani na namna ya kuzipanda, nami, kwa idhini yenu, nitaanza na mti usiotunzwa kwa ajili ya maua yake. Kila mgeni afikaye Ujiji hupelekwa kutazama miembe iliyo karibu na jiwe la kumbukumbu la Livingstone na Stanley, waliokutana hapa mwaka 1871, akaelezwa kuwa embe lilikuja na misafara iliyotoka pwani. Kokwa ya embe, hata hivyo, ikikauka imekufa, na hata ikiwekwa penye unyevunyevu haivumilii ila majuma machache, hali safari ya kutoka Bagamoyo hadi ziwani ilichukua miezi mitatu, na aghalabu zaidi. Kwa hiyo nadhani, na wazee wanisahihishe, kwamba embe halikuja kwa mkupuo mmoja, bali lilijongea kambi kwa kambi, mwembe uliokwisha kuzaa Tabora ukitoa kokwa za kupandwa mbele yake.

Mbegu za maua tunayoyapenda, kama vile zinia, alizeti na mrehani, tabia yake ni kinyume cha hiyo: ukavu ndio uhai wake, na unyevu ndio mauti yake. Nasi tunakaa mahali ambapo wakati wa mvua hata chumvi ya Uvinza huloa ndani ya kopo. Ndiyo sababu nasema kwamba mbegu nyingi ambazo twadhani zimekufa ardhini zilikwisha kufa juu ya kabati kabla hatujashika jembe. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilichuma vichwa vya zinia mwezi wa Aprili, vingali na umande, nikavitia katika mfuko wa nailoni na kuufunga kwa fundo, nikiona fahari kwa uangalifu wangu. Nilipoufungua mwezi wa Novemba nilikaribishwa na harufu ya ukungu, na katika kitalu kizima halikuota hata jani moja.

Wengine hukimbilia kosa la upande wa pili. Tumeyazoeza macho yetu kuona dagaa wakianikwa juu ya mchanga wa Kibirizi na kukauka kwa jua la siku moja, tukaifanyia mbegu vivyo hivyo, ilhali dagaa ameshakufa na mbegu ingali hai. Mbegu itakiwayo kuishi hutandazwa kivulini, juu ya ungo au mkeka, ikageuzwa kila siku. Na Mwenyezi Mungu ametujalia miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambayo haina mvua na ina upepo wa kusini uvumao ziwani. Ua liachwe shinani hadi kichwa chake kigeuke rangi ya kahawia, jambo linalowaudhi wapenda urembo, ambao hulikata lingali bichi kwa ajili ya arusi. Dawa yake ni kulifunga uzi lile lililo bora kuliko yote, mapema, ili kila mwenye mkasi ajue kuwa hilo lina mwenyewe.

Mbegu iliyokauka barabara hukatika kwa mlio ukiivunja. Hapo hutiwa katika chupa kavu, chini yake pakiwa na mchele uliokaangwa ukapoa, nao huvuta unyevu uliosalia. Mtaalamu mmoja wa mbegu, Harrington, alikadiria kwamba kila unyevu wa mbegu upunguapo kwa sehemu moja katika mia, umri wake huzidi maradufu, na kadhalika kila joto la ghala lipunguapo kwa nyuzi 5. Joto la Ujiji hatuliwezi, ukavu tunauweza.

Asumini siizungumzi, maana hiyo hupandwa kwa vipande vya matawi. Na mbegu za pakiti zilizoandikwa kuwa ni chotara msizihifadhi kwa tamaa, kwani watoto wake hawamfuati mzazi.

Kuna ua moja la kivulini, lenye shina la majimaji, ambalo Kirk, balozi yule aliyekuwa akimpelekea Livingstone mizigo hapa Ujiji, alilipeleka Uingereza kutoka Unguja, na mwaka 1882 Hooker wa bustani ya Kew akalipa jina la Sultani. Siku hizi hupamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Tumba lake likiiva hupasuka kwa kuguswa tu na kutawanya mbegu, basi livisheni kifuko cha kitambaa mapema.

Kupanda ni mwishoni mwa Oktoba, mvua zikianza kunukia. Mbegu ndogo kama za mrehani huchanganywa na mchanga zisirundikane, zikashindiliwa kidogo tu bila kufukiwa. Kubwa hufukiwa mara mbili ya unene wake. Sanduku la kitalu lisimame juu ya miguu iliyotiwa ndani ya makopo ya maji, kwa kuwa sisimizi ni wezi wakubwa, na juu yake wavu, kwa kuwa kuku wa jirani ni wakubwa zaidi.

Nimekuja na chupa ya zinia ya miaka mitatu. Tutaweka mbegu 10 juu ya kitambaa kilicholowa, hapa mezani, na baada ya juma moja Bwana Mwenyekiti atatuhesabia zilizoota.